Jamaa wa Mworia Wasimame

Jumapili, 3 Agosti 2025

Hatimaye! Baada ya ibada Mutea, kiongozi wa bendi yetu ya tarumbeta, alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba mwaka huu, Siku ya Bendi, mpigaji wa peke yake nitakuwa mimi. Mimi Mworia! Nimesimama mstari wa nyuma tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nikipiga zile sauti za chini ambazo hakuna anayezisikia. Mutea husema zikikosekana bendi itayumba. Mwaka juzi nilikosa sherehe nzima kwa malaria. Bendi haikuyumba. Wala hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Mutea alieleza kwamba Mwongera, anayepiga peke yake kila mwaka, ameng'olewa jino la mbele na pumzi inamtoroka. Hiyo ni adabu ya Mutea tu, ili Mwongera asione haya. Ukweli ni kwamba kizuri chajiuza.

Mwongera alikuja kunipa mkono. Kisha kwa pengo lake jipya akaniuliza ni nani atakayenivika shuka.

Moyo ukashuka hadi viatuni. Nilikuwa nimesahau desturi. Kabla mpigaji hajaweka tarumbeta mdomoni, mshereheshaji huita kwa kipaza sauti, jamaa wa fulani wasimame! Jamaa husimama, vigelegele vikapigwa, wakaja mbele wakiimba, wakamvika mtu wao shuka na taji la karatasi za kumetameta. Ndipo apige. Jamaa wa Mwongera hutoka Nkubu na hujaza hema. Wengine hukosa viti.

Nikamjibu kwamba wangu wanakuja na basi zima. Basi zima! Ulimi hauna mfupa.

Nilipofika nyumbani nilipiga hodi, mazoea tu. Kimya. Mke wangu Kiende alikwenda Maua kwa binti yetu Gacheri, kumshikia mtoto mchanga kwa mwezi mmoja. Mtoto huyo sasa anapiga mpira. Hatukugombana hata kidogo. Laiti tungegombana, ningejua pa kuanzia kuomba msamaha.

Habari ya leo nilimpa Guleid, mwenye duka la hapa nje. Alifurahi sana. Lakini Guleid humfurahia kila mteja.

Jumatatu, 4 Agosti

Mpango wa kwanza: Kiende.

Kanuni yangu ni moja. Usimwombe mtu kitu, mfanye akitamani. Kwa hiyo nilimpigia simu nikamweleza kwamba nitapiga peke yangu, kwamba viti vya mbele vinagombaniwa, kwamba tangu jana watu hawanipi nafasi ya kupumua, ila kwa kuwa ni yeye ningejaribu kumtafutia mahali pembeni.

Nilimsikia mtoto akigonga sufuria. Kisha akasema, "Baba Gacheri, nimefurahi, kweli. Lakini kama uko na watu wengi hivyo, mimi nitaongeza nini? Na maharagwe bado hatujapiga."

Nikasema ni kweli, maharagwe hayangoji. Kwa nini nilisema ni kweli!

Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula nyama na chapati. Nilikuwa nimekula mkate na chai iliyopoa. Alipokata simu nilibaki nayo sikioni muda mrefu, nikisikiliza kimya.

Mpango wa pili: ukoo. Binamu Murithi anafunga miraa na hana Jumapili. Ndugu zangu wa Mikinduri hawasemi nami tangu tulipopima mpaka wa shamba. Ule mpaka niliushinda mimi. Nilijivunia sana siku ile.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeanza mazoezi. Kipande alichotunga Mutea kinapanda polepole, kinapanda tena, mpaka sauti moja ya juu ambayo mtu huishika hadi wasikilizaji waanze kumhurumia. Sijawahi kufika huko juu. Huko ni kwa Mwongera.

Nilianzia sebuleni. Baada ya muda Guleid akaja mlangoni. Akaniuliza habari za asubuhi, habari za afya, habari za nyumbani, habari za mvua, kisha kwa upole mkubwa akauliza kama ndani kuna mgonjwa. Wateja walikuwa wanauliza, na mmoja alitaka kuleta sheikh.

Nikapanda boda na tarumbeta yangu hadi porini, njia ya Ngaremara. Upepo, migunga, mbuzi. Nilipopiga sauti ya juu mbuzi walikimbia wote isipokuwa mmoja mzee, nadhani ni kiziwi. Pale kando ya barabara huuza makaa mama mmoja anayeitwa Nakaale, ambaye nimenunua makaa kwake miaka mingi bila kusema naye zaidi ya gunia. Aliacha makaa yake akaja, akaketi juu ya jiwe, akasikiliza kipande chote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, hii kitu yako inalia kama mbuzi imepotea. Inatafuta wenzake."

Nilimweleza kwamba huo ni muziki. Akasema sawa, basi nipige tena. Nikapiga tena. Ni nani aliyewahi kuniambia nipige tena?

Nikiwa narudi kwenye boda, vumbi likinijaza meno, wazo likanijia. Zuri kupita yote niliyowahi kuwa nayo! Kama jamaa hawaji, jamaa watatengenezwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeanza na Guleid, alipotoka msikitini. Nilimwomba awe binamu yangu upande wa mama, kwa mchana mmoja, mbele ya kanisa. Alinitazama sana. "Mzee, si ungeniambia tu nije? Mimi ni jirani yako." Nikamweleza kwamba mshereheshaji haiti majirani, anaita jamaa, na jirani akisimama ni kama amesimama kwenda haja. Guleid akashika pua yake ndefu akauliza kama kuna Mmeru atakayeamini. Nikamwambia upande wa mama ulikuwa mpana sana. Akakubali. Nilipomwahidi pilau alisema hapana, pilau itapikwa na mkewe. Anadai harufu ya pilau yangu hufika dukani.

Kisha Ngaremara. Nilimwomba Nakaale awe dada yangu. Alicheka hadi akashika gunia. "Dada aje awe Mturkana na wewe uko Mmeru? Hiyo hapana. Lakini bibi anaweza toka mahali popote."

Nilitafuta kosa katika hoja hiyo na sikuliona. Kwa hiyo Nakaale ni mke wangu, Jumapili ya tarehe 17, saa za mchana, hadharani. Ni mjane, mtu mzima, na ameomba kitu kimoja tu, kilemba kipya. Akaongeza kwamba mwanamke hawezi kwenda kwa sherehe ya bwana bila mtu wa kwao, akamwita kaka yake Erot, mpakiaji wa makaa, mrefu kama mlingoti wa simu. Huyo sasa ni shemeji yangu. Jamaa wanaongezeka wenyewe!

Jumapili, 10 Agosti

Mazoezi ya bendi. Mwongera hawezi kupiga lakini anakuja kukaa, mikono magotini, ananitazama midomo. Aliniuliza basi langu linatoka upande gani. Nikasema pande zote.

Kisha akanivuta kando. Akasema kama watu wangu watachelewa, watu wake wako tayari kusimama pia kwa ajili yangu, kwani tumepuliza pamoja tangu ujana na mkewe amenunua shuka moja zaidi. Alisema akitazama chini.

Hila! Niliiona mara moja. Anataka siku yangu ijae watu wake, ili baadaye aseme bila yeye ningesimama kama kigingi. Nikamshukuru nikamwambia watu wangu tu hawatatoshea kwenye hema. Akarudi kukaa. Nadhani nilimpata.

Jumanne, 12 Agosti

Mazoezi ya jamaa, nyumbani kwangu. Guleid na pilau, Nakaale na kilemba, Erot akainama mlangoni. Guleid alileta pia shuka jipya jekundu, zawadi.

Niliwafundisha. Tatizo ni kwamba sherehe yetu ina Kimeru kingi, na Kiingereza pale wanapofika wakubwa wa kaunti, na jamaa zangu wote hawajui Kimeru. Watajuaje wakati wa kusimama? Nikabuni ishara. Nitakapotoa hankachifu nyeupe mfukoni na kujifuta uso, wote wasimame, Nakaale apige vigelegele, Erot aimbe chochote.

Nakaale akauliza, "Na ukitoa jasho?" Nikamwambia mpigaji wa kweli hatoi jasho.

Tulifanya mara nyingi. Mimi natoa hankachifu, wao wanasimama. Erot ana sauti ya ajabu, vikombe vilitikisika kabatini. Guleid alijaribu vigelegele vya kiume na Nakaale akalia kwa kucheka. Kisha tukala. Walizungumza juu ya mvua, ndovu walioonekana karibu na Leparua, ndoa ya mpwa wa Guleid, na mimi nikazungumza pia, nadhani niliongea kuliko wote. Ilikuwa jioni nzuri. Sijui mara ya mwisho sahani za nyumba hii zilitumika zote ni lini.

Nakaale alipokuwa anakusanya sahani aliniuliza bibi yangu wa kweli yuko wapi. Nikasema yuko Maua, ana kazi nyingi. Akauliza, "Umemwambia uko peke yako?" Nikamjibu kwamba hilo haliko kwenye ratiba.

Walipoondoka nyumba ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Nimebadilisha kiti ninachokalia ili nisione vile vingine.

Alhamisi, 14 Agosti

Sauti ya juu imekubali mara moja, imekataa mara zote zilizobaki. Midomo imevimba. Nimeipaka mafuta ya mbuzi kwa ushauri wa Erot na sasa paka wa jirani ananifuata.

Uamuzi: Jumapili sitavaa miwani. Kutakuwa na picha. Na miwani yangu imefungwa kwa uzi.

Kiende alipiga simu. Yeye mwenyewe! Akauliza sherehe inaanza saa ngapi. Mara moja nikaelewa: ananichunguza kama nilisema uongo. Nikamwambia saa nane kamili, na kwamba safu ya mbele imejaa, watu wamepangwa mmoja mmoja, kwa hiyo asihangaike hata kidogo. Akasema sawa. Akauliza kama koti la bendi bado linanitosha. Nikasema linanitosha vizuri. Akasema usisahau kulianika, lina harufu ya sanduku.

Nimelianika. Halinitoshi. Nilitaka kumwambia kitu kingine kabla hajakata, lakini sikukipata haraka.

Jumapili, 17 Agosti

Nitaandika ilivyokuwa. Sitapunguza.

Saa nane. Mahema uwanjani kwa kanisa, watu tele, jua la Isiolo likiwa limekasirika. Jamaa zangu safu ya mbele: Guleid kwa kanzu safi, Nakaale kwa kilemba cha manjano, Erot katikati akiwaziba watu watatu nyuma yake. Watu walinong'ona. Vema, wanong'one! Mwongera alikuwa upande wa pili na Nkubu nzima. Mimi niliketi mbele na bendi, koti la sufu limefungwa hadi kooni, kwa sababu kifungo kimoja kikifunguliwa hakirudi.

Mchungaji alianza kuomba. Jasho likaniingia machoni. Mtu akiingiwa na jasho machoni hufanya nini? Nilitoa hankachifu.

Walisimama wote watatu. Vigelegele! Erot akaimba, nadhani wimbo wa ng'ombe. Mchungaji alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa wagonjwa na wafiwa.

Mzee mmoja wa kanisa aliwafuata akawaomba waketi. Wakaketi, wakanitazama kwa fahari. Nikawakunjia uso. Walidhani nawasifu.

Baadaye tukaambiwa tusimame kimya kuwakumbuka wanabendi waliotangulia. Watu wote kimya, hata watoto. Nikamkumbuka marehemu Ewesit aliyekuwa akipiga ngoma kubwa na aliyenipa pipi kila Jumapili, na machozi yakanitoka, machozi ya kweli. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe.

Nakaale ana pumzi. Ningempa tarumbeta.

Safari hii mzee wa kanisa aliwainamia kila mmoja sikioni na kuwakataza kabisa kusimama tena mpaka sherehe iishe, awe nani, aitwe nani. Mutea naye akaja akanyoosha mkono. Nikampa hankachifu yangu kama mtoto wa shule.

Kisha ikafika. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti: "Sasa tumsikie Mzee Mworia! Jamaa wa Mworia wasimame!"

Niliwatazama. Wakanitazama. Nikajifuta uso kwa mkono. Nikajifuta kwa kofia. Nikajifuta kwa karatasi ya ratiba. Guleid alinyanyuka kidogo, akamtazama yule mzee, akarudi kitini. Ni watu wenye heshima, walikatazwa wakakatazika. Mshereheshaji akaita tena, polepole zaidi. "Jamaa wa Mworia?"

Hapo nyuma kabisa, nje ya kivuli, mwanamke mmoja akasimama. Alikuwa na mtoto mgongoni na kilemba cha buluu, ndivyo nilivyoona bila miwani. Nikajua anatafuta choo. Kila mwaka kuna mtu anayesimama wakati mbaya kutafuta choo.

Mshereheshaji akafurahi. Akaniuliza, kipaza sauti kikiwa kati yetu, "Mzee, yule mama ni wako?"

Nilifikiri haraka. Nikimkubali mtu nisiyemjua, akaja mbele, akaulizwa jina, Mwongera atagundua kila kitu. Nikasema wazi, hema lote likasikia: "Hapana. Yule si wangu."

Mwanamke akaketi.

Aliyenivika shuka ni Mwongera. Aliinuka peke yake, akavuka uwanja wote, akanivika shuka lililonunuliwa na mkewe, akanishika bega. Bila vigelegele. Aliniambia sikioni nipulize kutoka tumboni. Alivyofurahia kuniaibisha!

Nikapiga. Sijui niseme nini juu ya hilo. Nilipiga nikiwa nimekata tamaa ya watu wote, na kipande kikapanda, kikapanda, na sauti ya juu ikaja bila kusukumwa, ikakaa. Nilihisi kifua kikinifunguka na nikatamani mtu mmoja, mmoja tu, awe anaisikia kwa sababu ni mimi. Nilipomaliza, hema zima lilisimama kupiga makofi. Lakini hilo halihesabiki. Hawakuitwa.

Nilikimbilia dukani kwa Guleid nikakaa nyuma ya magunia ya sukari mpaka jua lilipozama, ili Mwongera asinione njiani. Nilipofika nyumbani nilikuta sahani zimeoshwa, shati langu limepigwa pasi, na mukimo wa viazi na mahindi kwenye sufuria umefunikwa vizuri kwa kitambaa, bado una joto. Huyu Nakaale anachukulia cheo chake kwa uzito mno! Na ufunguo aliupata wapi? Itabidi nimwonye.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimekwenda asubuhi kumwonya Nakaale. Alinisikiliza, akasema hajawahi kugusa sufuria yangu. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. "Mzee, enda nyumbani. Ngojea simu."

Simu ilikuja. Gacheri. Alizungumza polepole, kama anavyozungumza akiwa amekasirika. Hilo alilirithi kwa mama yake. Akasema mama alifika jana usiku akalala bila kula. Mama alikuwa ameondoka Maua alfajiri na mtoto mgongoni bila kuniambia, alitaka iwe furaha ya ghafla. Alikaa nyuma kwa sababu nilisema mbele kumejaa. "Baba, uliulizwa na maikrofoni. Ukasema si wako."

Nilimweleza juu ya miwani. Nilimweleza juu ya jua. Gacheri akasema kilemba cha buluu nilikinunua mimi. Akasema mama alikwenda nyumbani kunipikia, akaningoja, akatoka nje mara kwa mara kutazama barabara, mpaka gari la mwisho likataka kuondoka.

Mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya sukari. Kutoka dukani hadi mlangoni kwangu mtu anaweza kutupa jiwe.

Nimekaa kitandani sehemu kubwa ya siku. Nimeona uchungu ambao sina pa kuuweka. Alisimama. Kati ya watu wote wa uwanja ule, aliyesimama jina langu lilipoitwa ni yeye, na hakuahidiwa pilau wala kupewa ishara yoyote. Nimekula mukimo wote, umepoa, hadi ukoko.

Mwongera alipita jioni kuuliza hali. Sikufungua.

Jumatano, 20 Agosti

Nimefikiri tangu jana na sasa naona wazi kosa lilikuwa wapi. Nyuma! Watu wangu wote niliwapanga mbele. Mshereheshaji alipotazama nyuma aliona mtu mmoja tu. Mutea amesema mwaka ujao "tutaona" nani atapiga, ambayo kwa Mutea ni kama kiapo. Mwaka ujao nitaweka watu mbele, kati na nyuma, na ishara itakuwa kofia.

Nikiwa na moyo huo nilimpigia Kiende. Alipokea. Nilimwomba msamaha juu ya miwani, na nilimaanisha kila neno. Yeye akasema niliipiga vizuri ile sauti ya juu, kwamba alifunga macho mtoto akaacha kulia. Akasema maharagwe yamekwisha kupigwa. Akasema mtoto sasa anaweza kukaa na mama yake. Halafu akauliza, polepole, "Baba Gacheri, wewe unataka nirudi?"

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikamweleza mpango wote wa mwaka ujao, tangu mwanzo: mbele, kati, nyuma, kofia. Nikamwambia kwa uaminifu kabisa, kwani sasa nimeamua kuwa mkweli, kwamba nafasi ya mke nimeshampa Nakaale na siwezi kumnyang'anya, amenunuliwa kilemba, lakini yeye anaweza kuwa shemeji, kiti cha pili kutoka kwa Guleid, mahali pazuri penye kivuli.

Simu ilikatika. Nilipiga tena, haipokelewi. Bila shaka amekwenda kumwambia Gacheri kwamba amepata kiti.

Nafasi ya shemeji nitamshikia mpaka Jumapili. Kuna nafasi nyingine nyingi za kujaza na muda hautoshi. Kesho asubuhi naenda Ngaremara. Nakaale anamjua bibi kizee mmoja mwenye sauti kubwa ambaye huenda akakubali kuwa mama yangu.